Mushi ya Véro na Jogoo Aliyeliwa Kwenye Kilio

Tarehe kumi na mbili, mwezi wa sita, mwaka jana, saa nne asubuhi, nilimpoteza mke wangu Véronique. Kesho yake, kabla jua halijashuka, nilimpoteza na jogoo wetu.

Mke wangu alichukuliwa na moyo. Jogoo alichukuliwa na shemeji yangu Agathe, mdogo wa marehemu. Agathe aliangalia watu waliojaa kwenye kilio, akaangalia sufuria, akaona havilingani, akazunguka nyuma ya nyumba na kisu.

Mimi sikuona. Nilikuwa kwenye kiti cha mfiwa, kichwa chini. Waliniletea sahani ya bukari, ugali wetu, na paja la kuku, nikala kwa sababu niliambiwa nile. Paja lilikuwa gumu. Nilitafuna muda mrefu, nikawaza kwamba kuku huyu alifanya kazi sana katika maisha yake. Ndipo nikajua ninamtafuna nani.

"Agathe," nikamuuliza, "hii kuku ilitoka wapi?"

"Ni ile ya nyuma ya nyumba, shemeji. Ile ya kiburi."

"Ulimupika Monseigneur?"

Katekista aliyekaa kando yangu aliacha kutafuna.

Ilibidi nimweleze katekista kwamba Monseigneur, kama tunavyomwita askofu, lilikuwa jina la jogoo, kwa ajili ya shingo yake nyekundu na namna alivyotembea kati ya majike kama anayetoa baraka. Alielewa, lakini hakuendelea na chakula. Na ninyi vijana wa parokia, mlioniomba niwaandikie juu ya kazi yangu, nianze na hapo: jogoo yule hakuwa chakula. Alikuwa chombo cha kazi, kama nyundo kwa seremala. Mmesema niandike Kiswahili cha kitabuni. Nitajaribu. Lakini watu wakisema, nitawaacha waseme kama walivyosema.

Kazi yangu ilikuwa kufunga mushi. Neno ni la Kifaransa, maana yake ni nzi, lakini mushi si nzi wa chooni. Ni ndoano ndogo unayoivalisha uzi na manyoya mpaka samaki aione kama mdudu. Patroni wetu, yaani mwajiri, Mubelgiji mmoja mzee, alikuwa na karakana pale Naviundu. Tulikaa kwenye meza moja ndefu, kila mtu na kibanio chake cha chuma kinachoshika ndoano. Nilikaa pale miaka ishirini na tisa. Mushi zote zilipelekwa Ulaya, kuvua samaki anayeitwa truiti.

Niwaambie ukweli: mimi truiti sijamwona hata siku moja. Miaka ishirini na tisa nilimpikia mtu chakula bila kujua sura yake. Siku moja tulimwomba patroni atuonyeshe, akachukua kipande cha katoni akatuchorea. Patroni alijua mambo mengi, lakini kuchora hakujua. Tuliona muhogo wenye madoadoa. Mama Odile, aliyekaa mwisho wa meza, akauliza kama muhogo huo unashinda thomson, samaki wa barafu wa sokoni, kwa utamu. Patroni akasema hajui vizuri, kwa sababu wengi kule wakishamvua wanamrudisha majini.

Tuliweka uzi chini, wote.

"Banamurudisha?" Mama Odile akauliza.

"Banamurudisha."

"Juu ya nini?"

"Ili bamuvue tena."

Mama Odile alirudia uzi wake mpaka saa ya kutoka. Kwenye mlango akaniambia tusali kwa ajili ya watu wale.

Ukutani palikuwa na karatasi kubwa ya majira ya Ulaya, manne, kila moja na wadudu wake. Sisi tuna mvua, tuna baridi, tuna joto, basi. Kwa hiyo mwezi wa kwanza, mvua inapiga bati mpaka hatusikiani, sisi tunafunga vidudu vya wakati wao wa maua. Mwezi wa sita, tumevaa makoti na kofia za sufu, vidole havikunjiki, tunafunga panzi wa wakati wao wa jua. Mwaka wangu wa kwanza mambo haya yalinichanganya. Asubuhi moja ya baridi kali nilifikiri: kama mimi ninatetemeka, mdudu je? Nikazidisha sufu kwenye dazani nzima. Patroni akaishika moja kwenye mwanga, akaigeuza, akaniuliza kwa upole kama nimefunga kondoo.

Lakini alinifundisha. Alinifundisha kupima unyoya kwa mdomo. Unachukua unyoya wa shingo ya jogoo, unaupitisha juu ya mdomo wako. Ukichoma kama ndevu za siku mbili, huo utaelea juu ya maji. Ukiwa laini, utazama. Unyoya unang'olewa kwa jogoo aliye hai, mmoja mmoja, ukimbembeleza. Alinifundisha pia nta ya kupaka uzi: usitumie mshumaa wa kanisa, unateleza, tumia nta ya wauza asali, ile ya porini, nyeusi, inayonuka moshi. Na tundu la ndoano, pale uzi wa mvuvi unapopita, uliache wazi. Kila anayeanza analiziba. Anavalisha mdudu vizuri sana, mpaka kofia, halafu mvuvi hana pa kumfunga.

Na kwa kuwa nimetaja moshi, niwaambie nilivyooa.

Nilipokwenda kwa baba yake Véronique kujitambulisha, mzee alikuwa amestaafu kwenye kiwanda cha shaba, na meno ya mbele yalikuwa yamemtoka. Akaniuliza kazi yangu.

"Ninafanyaka mushi, baba."

"Moshi?"

Nikafikiri ni meno. "Ndiyo, baba."

"Ya bazungu?"

"Ndiyo. Patroni ni Mubelgiji."

"Na inaendaka wapi, ile moshi?"

"Inaendaka Ulaya, baba."

Mzee aliwageukia ndugu zake. Akasema wakati wao, moshi wa kiwanda ulikuwa unaishia mtaa wa Kenya, hapahapa mjini, na watu wa mtaa ule walilalamika. Leo unafika Ulaya. Akataka kujua kwa siku tunafanya kiasi gani. Nikasema dazani kumi. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima. Siku hizi, akasema, hata moshi wanauhesabu. Akanipa binti.

Véronique alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono kwenye mdomo. Alijua. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakusema kitu. Alisema alitaka kuona nitafika wapi.

Ukweli ulitoka mwezi wa kumi na moja. Ulikuwa mwanzo wa mvua, wakati kumbikumbi wanatoka ardhini na kila nyumba inakaanga. Nilikuwa nimefunga mushi za kumbikumbi, za kwanza nilizobuni mwenyewe kwa samaki wa hapa, nikaziacha kwenye sahani zikauke. Mama mkwe akaja kututembelea pamoja na mzee. Akaona kumbikumbi kwenye sahani, akaona binti yake ana kazi nyingi, akataka kusaidia. Akatia mafuta kwenye kikaango.

Manyoya yanapoungua, jamani. Majirani walitoka nje. Mama mkwe alikuwa anakoroga, anashangaa kumbikumbi wanavyolia kama misumari. Baba mkwe, aliyekuwa kwenye kiti nje ya mlango, aliangalia wingu linalotoka jikoni kwangu, akaniambia, "Kumbe kazi unafanyaka na nyumbani."

Nilimweleza yote siku ile. Alichungulia kikaango. Halafu akauliza kama hao nzi wananilisha. Nikasema wananilisha. Akasema basi.

Patroni alipokufa, karakana ilifungwa, nikarudi nyumbani na kibanio changu. Sasa nilifunga kwa ajili ya tilapia wa mabwawa ya upande wa Kafubu, nikivua mwenyewe na kuwauzia mushi wageni wanaovua Jumapili. Véronique alikaa mbele yangu na kushona, akiniangalia vidole. Siku moja aliniomba nafasi. Nilimfundisha miezi mitatu. Mwezi wa nne alinifundisha yeye. Sisemi hivyo kwa sababu amekufa. Mushi zangu zilikuwa safi, za kupeleka Ulaya. Zake zilikuwa kama kitu kilichotoka mfukoni mwa mtoto, na samaki walizigombania.

Moja aliiita Nyamaza, kwa sababu kila nilipomuuliza imefungwaje, hilo ndilo lilikuwa jibu. Ilikuwa ndogo, kahawia, na shingo ya unyoya, haina uzuri wowote. Kazi yake ilikuwa wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, wakati tilapia wanalala chini na hawataki kusumbuliwa. Mimi nilirudi na ndoo tupu, yeye alirudi na chakula. Nilijua unyoya ni wa Monseigneur, hakukuwa na mwingine. Yaliyobaki sikuyajua.

Véronique alipokufa ilibaki moja. Niliikuta kwenye kofia yake ya kuvulia.

Sasa msikilize shida yangu. Misa ya mwaka ilipokaribia, mwaka huu, ndugu walikutana kwangu kupanga chakula. Agathe akasema tutanunua thomson, katoni mbili, tumemaliza. Nikasikia mdomo wangu unasema hapana. Nikasema kwenye meza ya Véronique watakula samaki wa mushi yake, hata kama ni kipande kidogo kwa kila mtu. Agathe akaniuliza na ile moja iliyobaki nitaivulia? Ikikatika?  Na kufunga nyingine sikujua.

Kuna njia moja tu ya kujua mushi imefungwaje, ninyi vijana. Unaifungua. Unarudi nyuma uzi kwa uzi, na ukifika mwisho unajua kila kitu na mushi huna tena.

Kwanza nilijaribu kukwepa. Wiki mbili nilifunga za kuiga, nikiangalia ile kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Kwa macho zilikuwa ileile. Manyoya nilichukua kwa jogoo wa jirani, aliyenidonoa mkono na kunifukuza mpaka barabarani mbele ya watu waliokuwa wanasubiri maji. Nilikwenda bwawani na mushi zile mara tano. Tilapia mmoja alipanda, akaiangalia, akashuka. Nilimwona vizuri. Alionekana kunihurumia.

Na Agathe, kwa kuwa moyo wake si mbaya, alikuwa ameniletea kuku wa kulipa yule aliyempika. Kuku wa nyama, jike, jeupe, nene kiasi kwamba lilitembea hatua nne na kukaa. Nilipitisha unyoya wake mdomoni: pamba. Nilimshukuru. Kuku yule sikumpa jina. Kusema kweli bado nilikuwa nimemnunia Agathe, mwaka mzima, kwa heshima.

Siku nne kabla ya misa nilikaa mezani asubuhi, nikaibana Nyamaza kwenye kibanio, nikachukua wembe. Nilikaa hivyo mpaka chai ikapoa. Nilijua vidole vya mwisho kugusa uzi ule vilikuwa vyake. Alikuwa na desturi ya kulamba fundo kabla ya kulikaza. Nikakata.

Unyoya ulitoka kwanza. Nikaupitisha mdomoni, kwa mazoea tu. Haukuchoma. Nikarudia. Laini. Ulikuwa wa kuku jike, umetiwa rangi kwa chai. Monseigneur hakuwemo. Hajawahi kuwemo. Nilikuwa nimemnunia Agathe bure.

Kisha ukatoka uzi wa kahawia, na chini ya uzi kitu kikang'aa. Waya wa shaba, mwembamba kama nywele, umezungushwa mara nyingi kwenye ndoano. Ndiyo maana zangu zilibaki katikati ya maji na yake ilikwenda mpaka kwenye kitanda cha samaki. Nimezaliwa kwenye mji wa shaba, baba mkwe alifanya kazi ya shaba, watu wanachimba shaba mpaka chini ya vitanda vyao, na mimi sikufikiri shaba.

Halafu nikafikiri: waya kama huu aliutoa wapi? Na hapo, vijana, nilipata aibu.

Miaka sita nyuma redio yangu ilinyamaza. Niliipeleka kwa Kabeya, fundi wa redio wa barabara yetu. Akaifungua, akaniambia ndani hamna bobini, yale mazungushio ya waya wa shaba. Nikasema redio ilifika kwake na bobini. Akasema haikufika nayo. Nikamwita mwizi mbele ya wateja wake, na tangu siku ile hatukusalimiana. Véronique alisikia yote. Alinishauri nisiseme sana.

Nilivaa shati safi nikaenda kwa Kabeya. Nikaweka kipande cha waya mezani kwake, nikamweleza.

"Miaka sita, Tata Désiré," akasema.

"Ndiyo."

"Mwizi alikuwa bibi yako."

"Ndiyo."

"Na kila siku alipitaka hapa, ananisalimia muzuri kabisa. Hata maembe alikuwa ananiletea."

Nikasema njo vile, ndivyo ilivyo. Kabeya alishika meza. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na alipoanza mimi sikuweza kujizuia. Tulicheka mpaka mteja akachukua simu yake akaondoka. Halafu Kabeya akainama chini ya meza, akatoa bobini ya redio mbovu, akanipa. Akasema na yeye atakuja kwenye misa.

Nilifunga Nyamaza nne, kwa waya wa Kabeya na unyoya wa lile kuku jeupe. Chai niliikoleza sana. Jumamosi asubuhi nikaenda bwawani. Agathe akafuata na beseni kichwani. Ndani ya beseni alikuwa ametanguliza kisu, chumvi, na pakiti moja ya thomson, endapo tutakosa.

Kulikuwa na jambo moja zaidi la kujua. Véronique alipokuwa akivua, alitupa mushi halafu midomo yake ilicheza. Miaka yote nilidhani anamwomba Mungu ampe samaki, nikaona si haki, kwa kuwa mimi sikuomba. Sasa nikiwa na mushi nzito mkononi nilielewa. Alikuwa anapima kina. Salamu Maria moja, polepole, na mushi imefika chini. Ndipo unavuta.

Nilimweleza Agathe. Akasema basi yeye ataomba, mimi nivute. Nikatupa. Agathe akaomba kama mtu anayekimbia mvua, akafika amina mushi ikiwa bado juu.

"Agathe, omba polepole."

"Mungu anasikia hata ya mbio."

"Mungu ndiyo. Samaki hapana."

Akaudhika, akaanza tena, neno kwa neno, kwa sauti ya kumfundisha mtoto. Kwenye "saa ya kufa kwetu" alirudia neno, akamaliza. Nikavuta, na uzi ukavutwa na kitu upande wa pili.

Yule wa kwanza alikata uzi akaenda na mushi. Nikafunga ya pili. Agathe aliomba asubuhi nzima, mpaka sauti ikakauka, na wachungaji wa mbuzi waliokuwa wanapita walivua kofia. Tulirudi na tilapia watatu, mmoja mkubwa kama kiganja na nusu.

Jumapili baada ya misa watu walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri. Agathe aligawa samaki watatu wale kwa namna ambayo bado siielewi. Kila mtu alipata kipande cha kuonja, hata Kabeya, hata katekista, ambaye aliuliza kwanza jina la samaki. Waliobaki na njaa walikula thomson za katoni mbili za Agathe, na walikuwa wote.

Mimi Agathe aliniwekea kichwa cha yule mkubwa. Nikamwambia kichwa si changu. Kwetu kichwa alikuwa anakula Véro, mimi nilikula mkia, tangu tulipooana.

"Najua," akasema. "Leo kula weye."

Akasimama pale na beseni lake, akingoja. Nikakichukua kwa vidole. Nilianza na mashavu, kama alivyokuwa akianza, nikaendelea mpaka macho, nikaanza kunyonya mifupa. Chumvi ilikuwa kidogo. Nikamwambia Agathe, bila ile heshima ya kununa, akaenda kuleta.